Mkwe Nimjuaye kwa Mgongo

Nimesema sitaki, nikasema tena sitaki, na Edgar bado anakuja. Edgar ni mtoto wa jirani yangu hapa Majengo, Mpanda. Anakusanya habari za watu wa Katavi ziwekwe kitabuni, na kila akija anakalia kigoda changu kizuri na kuniambia, bibi Getrude, andika maisha ya mtu wa kawaida. Nikamuuliza mtu wa kawaida ndiye yupi, maana mimi mwenyewe sijawahi kuwa wa kawaida hata siku moja. Akasema chagua yeyote unayemjua vizuri. Haya. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na kuandika kwangu kunakwenda kama punda mwenye mzigo, lakini kunafika. Edgar alitaka niseme kwenye simu yake halafu aandike yeye. Nikamwambia maneno yangu hayahitaji mkalimani.

Wote walidhani nitamwandika marehemu mume wangu. Nimemchagua mkwe wangu Erasmus, mume wa binti yangu Josefina, mtu wa Karema kule ziwani. Namjua vizuri sana, ila uso wake sijawahi kuuona.

Wasomaji wa mjini msishangae. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawagusani, hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawasemezani ana kwa ana. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mahindi. Akiniwahi kuniona, anaingia yeye. Siku ya posa alinipa mgongo, siku ya ndoa kanisani nilimwangalia visigino. Kwa hiyo najua kwamba mgongo wake ni mpana juu na mwembamba chini, kama jembe jipya. Kisigino cha kushoto kina ufa. Sauti yake ni ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Analima mpunga, na mpunga ukiwa hautaki kazi anabeba mizigo ya watu kwa pikipiki. Kuna wanawake hawawajui waume zao hata nusu ya hivyo.

Jambo jingine. Mama mkwe haingii chini ya paa la mkwe mpaka afunguliwe mlango. Kufunguliwa mlango ni hivi: mkwe anakuja mwenyewe kwa mama, na kuku hai na kitenge, anaviweka chini mbele yake, anageuka, anaondoka. Baada ya hapo mama anaweza kwenda kwa binti yake, akaingia, akala, akalala. Erasmus alikuja mara moja, mimi nikiwa shambani Kabungu, akamwacha kuku kwa jirani. Nikamrudisha. Jirani siyo mimi. Halafu akamtuma kuku kwa basi, amefungwa miguu, kakabidhiwa kwa kondakta. Nikamrudisha kwa basi lilelile, kuku akiwa amechoka kuliko abiria. Kuku wa heshima hasafiri peke yake. Josefina akalia kwenye simu, akasema mama una roho ngumu. Siyo roho ngumu, ni utaratibu. Ndiyo maana miaka ikaenda, Josefina akazaa wavulana watupu, nikawa nawaona wakiletwa Mpanda likizo, na nyumba ya mama yao sijaitia mguu.

Halafu akazaa msichana.

Sasa hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kwetu msichana wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa mama. Lakini jina halitumwi, wala halipigwi simu. Bibi anakwenda mwenyewe, anakaa jikoni penye mafiga, anapewa mtoto, anamtamkia jina sikioni, anamgusisha uji mdomoni. Asipofika, bibi wa upande wa baba anatoa la kwake. Na bibi wa upande wa baba ni Specioza, mama yake Erasmus, ambaye anakaa jirani na mwanawe na hajawahi kuacha kitu kilicho karibu na mkono wake. Josefina akanipigia kwamba kitovu kimeanguka, na Specioza ametangaza kijiji kizima kuwa Jumamosi mtoto anaitwa Specioza.

Mimi wakati huo nilikuwa Kigoma kwa mwanangu Fabiani. Ilikuwa masika, barabara ya Karema imekuwa uji, magari yanalala njiani. Na hata ingekuwa kavu, ningekwendaje kwa mkwe ambaye hajanifungulia mlango? Nikakaa naangalia ukuta wa Fabiani. Ndipo Fabiani akasema, kwa mazungumzo tu, kwamba kuna meli imepangiwa safari ya kutalii. Inawazungusha watu ziwani waone sehemu za historia, na Jumamosi asubuhi itasimama Karema kidogo, watu waone misheni ya zamani.

Nikamwambia Fabiani nimeipenda historia.

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini akanikatia nafasi. Na ninaomba ieleweke hapa, kwa sababu Specioza amesema mengine: mimi sikwenda kwa mkwe. Nilikwenda kutalii. Meli ndiyo iliyosimama Karema.

Melini tulikuwa na kiongozi, binti wa Dar anaitwa Doto, mwenye kipaza sauti na moyo mzuri. Alitugawia kofia za njano ili tusipotee. Mimi kofia niliivaa juu ya kilemba, nikafanana na chungu chenye kifuniko, lakini sikutaka ugomvi wa mapema. Doto akatueleza kwamba Karema tutatembea kwa pamoja, tutaona ngome na kanisa, tutarudi kwa pamoja. Honi ya kwanza ni ya kukumbusha, ya pili ni ya kupanda, ya tatu ni ya kwaheri, na meli haimsubiri mtu. Aliposema hivyo alimwangalia kila mzee mmoja mmoja. Mimi nikaangalia maji.

Tulipofika bandarini, kitu cha kwanza nilichokiona ni mgongo. Ulikuwa umesimama karibu na geti, umetupa kisogo, mbele yake pikipiki yenye gunia la pumba limefungwa nyuma. Fabiani alikuwa amempigia Josefina habari za meli, naye akamtuma mumewe. Nikakishusha kitenge nilichojitanda mpaka usoni.

Erasmus akaanza kusema na pikipiki. Aliiambia kwa adabu sana kwamba mtoto ameshaogeshwa, uji umeshainjikwa, na bibi Specioza ameshakaa jikoni tangu jua halijatoka.

Doto akaniuliza, "Bibi, huyu kaka unamfahamu?"

"Sijawahi kumwona," nikamwambia. Na ilikuwa kweli tupu.

Nikamwomba Doto amweleze mwenye pikipiki kwamba mimi ni mtalii, nimekuja kuona ngome. Doto, masikini, akaenda akamweleza. Erasmus akamwomba Doto amwambie mtalii kwamba ngome ipo tangu enzi za Wabelgiji na haina haraka, lakini uji ukiiva umeiva. Doto akaja akanieleza. Akaenda, akarudi, akaenda, kipaza sauti kikimning'inia kifuani, mpaka akatuuliza sote wawili kama tumegombana. Nikamwambia hapana, mwanangu, huku ni kuheshimiana. Akasema kwao watu wakiheshimiana hivi wanapelekana polisi.

Basi nikafuata kundi. Erasmus akasukuma pikipiki mbele yetu, mbali kidogo, hakugeuka. Tukafika penye kuta za zamani. Doto akaeleza jinsi Wabelgiji walivyojenga ngome, wakaondoka, wakawaachia mapadri, na mapadri wakaifanya misheni. Watu wakapiga picha. Wakapiga picha ukuta, wakapiga picha nyuma ya ukuta, mama mmoja wa Mwanza akataka apigwe ameegemea ukuta, halafu akataka tena bila miwani. Mimi ninaheshimu historia. Lakini ukuta ule umekaa hapo miaka zaidi ya mia moja bila mimi, na mjukuu wangu alikuwa anakaribia kuitwa Specioza maisha yake yote.

Nikajitoa kundini kama anayekwenda kujisaidia.

Kwa Erasmus ni mbali, upande wa mashamba ya mpunga, na njia ilikuwa matope. Kwa miguu yangu ningefika mtoto ameshaota meno. Pikipiki ilikuwepo, lakini mwenye kuiendesha ni mkwe, na kwenye pikipiki aliyekaa nyuma anamkumbatia aliyekaa mbele. Hilo hata kulifikiria ni aibu. Nikasimama upande huu wa njia, yeye upande ule, kila mtu anaangalia mpunga wake.

Hapa ndipo nilipoanza kumjua mkwe wangu. Mwingine angesema mama, zama zimebadilika, panda tu. Angesema hivyo nisingepanda mpaka leo. Erasmus alikwenda nyuma ya pikipiki. Alilifungua lile gunia la pumba, akalisimamisha katikati ya kiti, akalikaza kwa mpira. Kisha akauambia mpunga kwamba mwenye kukaa mbele amekaa na gunia, na mwenye kukaa nyuma amekaa na gunia, na gunia halina mkwe.

Nilitafuta kosa kwenye maneno yale. Sikuliona. Nikapanda.

Nikalikumbatia gunia kama ndugu aliyetoka jela. Tukaenda. Njia ina mashimo, na kila shimo gunia lilikuwa linapumua. Mwanzo lilinifika kwenye paji la uso, simwoni mtu, vizuri kabisa. Baadaye likanifika puani. Nikashangaa, nikageuka, nikaona nyuma yetu njia yote imekuwa na mstari mweupe, na kuku wa watu wanatufuata. Gunia lilikuwa limetoboka. Heshima yetu ilikuwa inamwagika barabarani.

"Gunia linaisha," nikawaambia wale kuku.

"Gunia, jikaze," Erasmus akaliambia gunia, na akaongeza mwendo, na tulivyoongeza mwendo ndivyo pumba zilivyoruka. Zikaniingia kwenye macho, kwenye kilemba, mdomoni. Tulipoingia uani gunia lilikuwa limenifika kiunoni, mimi nimefumba macho kwa adabu na kwa pumba, na wajukuu zangu wakakimbia wakidhani baba yao ameleta mzuka wenye kofia ya njano.

Uani kulikuwa na majirani wengi. Josefina akaja kunipokea, analia na kucheka, akanipangusa. Jiko lao ni kibanda cha udongo pembeni ya nyumba. Mlangoni pa kibanda, kwenye kigoda, alikaa Specioza na mtoto mapajani, na nyuma yake mafiga na moto, chungu cha uji na sufuria. Alikuwa amevaa nguo ya sikukuu. Mimi nilikuwa nimevaa pumba.

"Mzazi mwenzangu, karibu," akasema. "Mbona unasimama jua linakuchoma? Ingia ndani, jina linatolewa huku jikoni."

Alijua. Alijua kabisa kwamba siwezi kuingia chini ya paa lile. Majirani nao walijua, na wakasogea karibu ili wasikose kitu. Nikamwuliza Josefina kama kuku wa kunifungulia mlango yupo, maana mkwe angeweza kuniwekea hapohapo uani. Josefina akaangalia chini. Akasema alikuwepo. Erasmus alikuwa amemfunga kwenye mti tangu jana, jogoo mwekundu, na kitenge kipo. Lakini asubuhi Specioza aliona wageni ni wengi.

"Nilidhani ni wa mboga," Specioza akasema, akafunua sufuria kidogo ili nipate harufu.

Kuku wa kwenye sufuria hafungui mlango. Na kuku wa kuazima kwa jirani hafungui pia, maana hapo anayekuheshimu ni jirani. Josefina akanishika mkono. Akaninong'oneza kwamba ingia mama, mara hii moja tu, nani atakuuliza. Nikamwangalia binti yangu, nikamwangalia mtoto. Alikuwa amelala, mdomo umebinuka hivi, mdomo wa kwetu, huo haukutoka ziwani. Ningeingia ningepata jina, na Specioza angepata hadithi ya kusimulia mpaka afe, jinsi mama Josefina alivyovunja mlango kama mwizi. Nisingeingia, jina lilikuwa limekwenda.

Kule bandarini honi ikalia.

"Meli yako inaita, mzazi mwenzangu," akasema Specioza.

"Iite. Haikunizaa."

Nikaikita miguu palepale mchangani, nje ya paa.

Erasmus alikuwa amesimama nyuma ya kibanda, namwona mgongo tu kwenye upenyo. Mgongo ukainama. Akachukua majembe mawili na lile gunia la pumba, akalilowesha maji, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma wa kuni. Akampita mama yake kwa nyuma. Akainua chungu cha uji kwa gunia, akakitoa nje. Akainua sufuria ya kuku, akaitoa. Kisha akayainua mafiga, moja moja, ya moto, yakifuka moshi, amebana jiwe kati ya jembe na jembe, akaja akayapanga uani, kwenye mchanga, mbele ya miguu yangu, akiwa amegeuza uso. Akachota na makaa. Akarudisha chungu juu ya mafiga. Uji haukuacha hata kuchemka.

Halafu akauambia moto, "Wazee walisema jina linatolewa kwenye mafiga. Sijasikia waliposema mafiga yakae wapi."

Uani watu wakashika midomo. Specioza alibaki amekaa mlangoni pa kibanda chenye giza, hakuna moto, hakuna uji, hakuna kuku, ana mtoto na kigoda. Nitamsifu kwa jambo moja: anajua akishindwa mchezo. Alisimama, akajikung'uta nguo ambayo haikuwa na vumbi, akatoka nje, akaja akaketi penye mafiga upande wa pili. Mtoto hakunipa. Ilibidi Josefina amtoe mikononi mwake, kidole kimoja kimoja, kama unavyotoa kupe.

Nikampakata. Alikuwa mwepesi kuliko kuku. Nikainama nikamtamkia jina sikioni, nikachovya kidole kwenye uji, nikamgusa mdomo. Akaulamba. Honi ya pili ikalia nikiwa bado nampuliza pumba kwenye nyusi, maana za kichwani mwangu zilikuwa zinamdondokea.

Specioza akasema yeye hakusikia jina lolote.

Nikamwambia jina ni la sikioni, si la sokoni. Akasema kama hakuna aliyesikia basi halijatolewa, na kwa kuwa yeye yupo na mafiga yapo, atatoa la kwake ambalo watu watalisikia. Na akanyoosha mikono. Hapo nilisimama. Nikaita jina hilo la Getrude kwa sauti ambayo huwa nawatolea nyani Kabungu. Mbuzi waliruka. Mtoto akaamka akalia, na nikasema mmeona, ameitika.

"Limesikika," akasema Specioza. "Litafaa kuwa la pili."

Ndipo Erasmus aliposema na mtu pale uani, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Alikuwa ametupa mgongo sote wawili, na sauti yake haikuomba radhi.

"Mama, jina limetolewa. Mtoto ni Getrude."

Mama yake akauangalia ule mgongo. Mimi nikaangalia kisigino cha kushoto. Uji ukafurika ukazima makaa upande mmoja.

Honi ya tatu ilipolia, Specioza alikuwa ananipakulia paja la kuku. Nilimkumbusha kwamba sili chakula cha mkwe. Akasema chakula hiki siyo cha mkwe, kuku nimemkamata mimi, nimemchinja mimi, nimempika mimi, kula. Nikatafuta kosa kwenye maneno hayo nalo sikuliona, naona familia ile wote wako hivyo. Nikala. Alikuwa ametiwa chumvi nyingi.

Doto alinipigia simu akiwa melini, anakaribia kulia, anasema wamehesabu kofia na moja haipo. Nikamwambia mwanangu, nenda salama, meli haikuniacha, mimi ndiye niliyeiacha.

Sasa mnajiuliza nililala wapi. Kwa Erasmus sikuweza, mlango haujafunguliwa. Alijitolea kwenda kutafuta kuku mwingine kesho yake, lakini kuku wa uani alikuwa wa dharura ya jina, na jina limeshatolewa; huyo mwingine ataletwa Majengo, kwangu, mkononi mwake, wakati wake. Kwa hiyo nililala kwa Specioza. Kitanda kimoja, yeye ukutani mimi pembeni, mpaka barabara ilipokauka. Anakoroma na akiamka anakanusha. Kila asubuhi tulikwenda pamoja kumwona mtoto. Erasmus aliyaacha mafiga palepale uani kwa ajili yangu, akayajengea kiambaza cha matete kukinga upepo, bila paa, na mvua ikinyesha Josefina alipika chini ya mwavuli. Hakulalamika huyo mwanaume. Nimeishi muda mrefu, nimeona wanaume wanaovunja mila wakajisifu, na wanaoshika mila wakawapiga nayo wake zao. Wa kulihamisha jiko zima likiwa la moto ili mwanamke mkaidi asilazimike kuinamisha kichwa, nimemwona mmoja, na sura yake siijui. Hayo ndiyo maisha ya mtu wa kawaida niliyoombwa.

Lakini sijamaliza, na hapa nasema na wewe unayesoma. Nilipoondoka Karema, Josefina ameniambia, Specioza alianza kumwita mtoto Speci. Kimyakimya, akimbeba, akimwogesha, anadhani sitajua. Mtoto sasa anatembea, na anaitika yote mawili. Basi ukipita Karema, iwe kwa meli, kwa basi au kwa miguu, usiende kwanza kupiga picha ukuta. Ulizia kwa Erasmus wa pikipiki, upande wa mashamba ya mpunga. Simama uani, hakikisha Specioza yupo, na umwite mtoto Getrude kwa sauti kubwa. Akigeuka, mpe pipi. Kisha uje Majengo uniambie aligeuka haraka kiasi gani.